Juu ya Kupanga Klasta ya Kontena

Mwezi wa Julai mwaka 2016, kampuni ya Niantic ya California ilipowafungulia watu wa Australia na New Zealand mchezo wake wa Pokémon GO, wahandisi wake walikuwa wamekwisha kukadiria mzigo utakaoziangukia kompyuta zao, na kwa kuwa walikuwa watu wa hadhari walikadiria pia mzigo mbaya kupita wote uliowapitia akilini, wakaupima kuwa mara 5 ya ule wa kwanza. Walakini haikutimia robo saa tangu mlango kufunguliwa, matarajio yao yakawa yamepitwa, na hatima yake mzigo ulifika mara 50 ya ule waliouwekea hesabu. Mchezo ulikwama hapa na pale siku zile za mwanzo, lakini haukufa, kwa sababu ulikuwa ukiendeshwa katika klasta ya kontena, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja, iliyopangwa kwa Google, na klasta hiyo iliweza kuongezewa kompyuta kadiri watu walivyomiminika, hata wahandisi wakaihamishia kwenye toleo jipya lenye nafasi ya kompyuta nyingine zaidi ya 1,000, ilhali wachezaji wakiendelea kucheza, ili kujiweka tayari kwa zamu ya Japani.

Wauzaji wa huduma ya kupangisha klasta hupenda kuisimulia habari hiyo, na wanayo haki, ila aghalabu huipita kwa haraka sehemu moja: kwamba wahandisi wa Google waliketi pamoja na wa Niantic wakaichungua kazi yote kipande kwa kipande. Mteja wa kawaida, mwenye duka la mtandaoni Mombasa au chama cha akiba na mikopo Dodoma, hatapewa wahandisi wa kuketi naye. Atapewa ukurasa wenye kitufe cha kuunda klasta, na akikibonyeza, baada ya dakika chache klasta itakuwa tayari. Wepesi huo ndio unaonitia mashaka, kwani maamuzi mazito kupita yote, yale ambayo baadaye hayageuzwi ila kwa kubomoa na kujenga upya, yote yamo ndani ya dakika zile chache, na mengi yamekwisha kujazwa na muuzaji kabla mnunuzi hajayasoma.

Tuanze na kitu chenyewe. Kontena ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachokihitaji ili ifanye kazi, yaani maktaba zake, mipangilio yake na mafaili yake, kisha ikawekewa mipaka na kiini cha Linux ili isizione programu nyingine zilizomo katika kompyuta ile ile, wala isile kumbukumbu na nguvu kupita kipimo chake. Asili ya jambo hili ni kongwe kuliko wengi wa vijana wanaolitumia: mwaka 1979 mfumo wa Unix ulikwisha kuipata amri ya chroot, iliyoifungia programu katika tawi moja la mafaili, mwaka 2008 Linux ikatia ndani yake cgroups, kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google, ya kugawa na kuhesabu nguvu za kompyuta baina ya programu, na mwezi wa Machi mwaka 2013 Solomon Hykes alisimama mbele ya mkutano wa waandishi wa programu huko Santa Clara, California, akaonyesha kwa dakika chache tu chombo kiitwacho Docker, kilichoyafanya hayo yote kuwa kazi ya amri moja. Kontena zikaenea, na kwa kuenea zikaleta udhia mpya. Kontena 3 mtu huzilinda kwa macho. Kontena 300 katika kompyuta 20 humtaka msimamizi asiyelala, wa kujua ipi imekufa, ipi ihamishwe, ipi iongezwe, na mteja huyu aelekezwe kwa ipi.

Google walikuwa wameuzoea udhia huo kwa miaka mingi, madhali kazi zao za ndani ziliendeshwa na mfumo wao wenyewe ulioitwa Borg; na mwezi wa Juni mwaka 2014 wakaitoa hadharani Kubernetes, programu huria iliyoanzishwa na Joe Beda, Brendan Burns na Craig McLuckie pamoja na wenzao, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Julai mwaka 2015, ikakabidhiwa kwa jumuiya ya Cloud Native Computing Foundation ili isibaki mali ya kampuni moja. Namna inavyofanya kazi inastahili kuelezwa taratibu. Kubernetes haiamrishwi hatua baada ya hatua. Unaiandikia hali unayoitaka, mathalani kwamba programu ya malipo iwe na nakala 4 daima, nayo huiweka kauli hiyo katika hazina yake iitwayo etcd, kisha mchana na usiku hulinganisha hali iliyoandikwa na hali iliyopo, na pindi ionapo nakala moja imekufa huzaa nyingine bila kungoja mtu aamke. Kompyuta zibebazo kazi huitwa nodi. Kontena moja au chache zinazokaa pamoja na kushiriki anwani moja huitwa podi. Katika kila nodi hukaa wakala aitwaye kubelet, ambaye hupokea maagizo na kurudisha habari. Na juu ya hao wote iko sehemu ya udhibiti, yenye etcd, seva ya API ipokeayo kila ombi, na mgawaji wa kazi achaguaye podi ipi iende nodi ipi.

Sehemu hiyo ya udhibiti ndiyo ngumu kuitunza. Hazina ya etcd huwekwa katika kompyuta 3 au 5, kwa kuwa hakuna kauli inayoandikwa ila iwe imekubaliwa na zilizo nyingi kati yake: zikiwa 3, moja ikifa kazi huendelea, mbili zikifa, etcd hukataa kuandika chochote, na klasta huganda, kontena zilizomo zikiendelea kuishi kama zilivyo lakini pasiwe na awezaye kuongeza, kupunguza wala kutengeneza. Kuna waliojaribu kuijenga wenyewe kwa mashine zao, na wapo walioweza, ila walio wengi walitamani mtu mwingine aibebe sehemu hiyo kwa ijara. Google walianza kuiuza huduma hiyo rasmi Agosti mwaka 2015, na Juni mwaka 2018 Amazon na Microsoft wakafuata. Muamala wenyewe ni kama wa fremu ya duka sokoni: paa na kuta ni juu ya mwenye fremu, bidhaa na kufuli ni juu ya mpangaji. Mwenye wingu, yaani mwenye kukodisha kompyuta zake kupitia intaneti, hutunza etcd, hutengeneza seva ya API ikiharibika, hukupa nodi unazozilipia. Lakini programu yako ikiwa na kasoro, nywila yako ikivuja, au hesabu yako ya kumbukumbu ikiwa ya kubahatisha, hayo hayamhusu, na mkataba umesema hivyo kwa herufi ndogo.

Sasa na tuifuate kazi yenyewe kwa Google, ambao njia yao naiona nyofu kuliko za wenzao. Mtu hufungua akaunti, huandikisha kadi ya malipo, huunda kile kinachoitwa mradi, yaani fungu ambalo ndani yake vitu vyote vitahesabiwa pamoja, kisha huiwasha huduma ya Kubernetes katika mradi huo, kwani haiwaki yenyewe. Hayo ni mepesi. Swali la kwanza zito ni la mahali: klasta ikae wapi? Kwa msomaji wa Afrika Mashariki swali hili lina uchungu wake, kwa sababu wenye wingu wakubwa watatu waliotajwa, maeneo yao kamili barani Afrika yako Afrika ya Kusini: Microsoft walifungua Johannesburg mwaka 2019, Amazon walifungua Cape Town mwaka 2020, na Google wakafika Johannesburg Januari mwaka 2024. Mei mwaka huo huo ilitangazwa kwamba Microsoft na kampuni ya G42 ya Imarati watajenga kituo nchini Kenya kitumiacho umeme wa mvuke wa ardhini, lakini tangazo si kituo, na mwenye kupanga klasta leo hupanga katika kilichosimama.

Basi ombi la mteja aliyeko Dar es Salaam kwenda kwenye klasta iliyoko Johannesburg aghalabu hupita chini ya bahari, katika nyaya zilizoanza kufika pwani yetu mwaka 2009. Tarehe 12 Mei mwaka 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika ya Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zao ikadhoofika vibaya. Klasta iliyokuwa Johannesburg siku ile ilikuwa nzima, nodi zake zote zikipumua, podi zake zote zikiitikia, na mteja wa Kariakoo asiweze kuifikia. Mnunuzi akisoma katika mkataba kwamba sehemu ya udhibiti ya klasta ya eneo zima, aina nitakayoieleza punde, ina dhamana ya asilimia 99.95, akumbuke kuwa dhamana hiyo huishia kwenye ukuta wa kituo cha data, bahari haimo. Fauka ya hayo iko sheria: Kenya ilitunga sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, na zote mbili zina masharti juu ya kuzitoa taarifa za watu nje ya nchi. Mwenye kuhifadhi majina, namba za simu na mikopo ya watu ayasome masharti hayo kabla hajachagua mahali, kwani kuihamisha klasta kutoka eneo moja kwenda jingine hakupo. Kuna kuijenga nyingine na kuifuta ya kwanza.

Ndani ya eneo huwamo kanda, aghalabu tatu, kila moja na umeme wake, ili ajali ya moja isiziangushe nyingine. Klasta yaweza kuwa ya kanda moja au ya eneo zima, na ukiisha kuchagua hukubaliwi kugeuza. Ya eneo zima ina sehemu ya udhibiti yenye nakala katika kanda tatu, na hiyo ni bora. Walakini humo mna mtego ambao umewakuta wengi. Mpangilio wa kawaida wa klasta ya kujiendeshea ni nodi 3, na hizo 3 ni kwa kila kanda, kwa hiyo anayedhani ameagiza kompyuta 3 huamka na kompyuta 9, kila moja ikihesabiwa kwa saa. Tangu Februari mwaka 2021 ipo njia ya pili, iitwayo Autopilot, ambayo ndani yake Google huzitunza nodi zenyewe, na mpangaji hulipia nguvu na kumbukumbu alizoziombea podi zake. Kwa mtu anayeanza ningemshauri hii, japokuwa wazoefu huidharau kwa kuwa huwanyima ruhusa ya kuzigusa nodi. Nami naona kunyimwa huko ni fadhila kwa asiyejua azigusie nini.

Jambo jingine lisilosemwa kwa sauti ni anwani. Kila podi inahitaji anwani yake katika mtandao wa ndani, na Google, katika klasta ya kujiendeshea, wakikadiria kwamba nodi moja itabeba podi hadi 110, huikatia kila nodi fungu la anwani 256, zitumike zisitumike. Mtu akichagua bila kufikiri safu ya anwani 4,096, akaiona ni nyingi mno kwa biashara yake changa, atagundua siku ya neema, wateja wamekuja na klasta inataka kupanuka, kwamba nodi ya 17 haiwezi kuzaliwa, maana 256 mara 16 ndiyo 4,096 yote. Kwa Amazon udhia huu una sura nyingine: huko, katika mpangilio wa kawaida, idadi ya podi hufungwa na idadi ya anwani ambazo kompyuta ya aina fulani yaweza kushika, hata mashine iitwayo t3.medium, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, isiruhusiwe podi zaidi ya 17, na miongoni mwa hizo zimo za mfumo wenyewe. Mwenye kuligawanya tatizo lake katika vijiprogramu vingi vidogo hujikuta amejaza nafasi ilhali mashine haijaanza kutoka jasho.

Kisha mlango. Mwezi wa Februari mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya usalama ya RedLock walitangaza kwamba wamelikuta dirisha la utawala la Kubernetes la kampuni ya magari ya Tesla liko wazi katika intaneti, halina nywila, na wezi walikwisha kuingia, wakazikuta ndani ya podi moja funguo za akaunti ya Amazon, wakaziweka kompyuta za watu kuchimba sarafu za mtandaoni. Kampuni yenye wahandisi kama wale! Klasta iliyoundwa kwa kubonyeza tu, seva yake ya API aghalabu huwa na anwani ya hadharani. Hufunguliwi bila kitambulisho, ni kweli, lakini mlango wenyewe uko barabarani. Sharti mtu aweke orodha ya anwani ziruhusiwazo kuugonga, awape watumishi wake ruhusa kwa kadiri ya kazi ya kila mmoja badala ya kuwagawia wote ufunguo mkuu, na asiziandike nywila za benki ya data ndani ya imeji ya kontena, yaani kifurushi ambacho kontena huzaliwa kwacho, kwani kila awezaye kuivuta imeji hiyo ataweza kuzisoma.

Yakiisha hayo, klasta huundwa, na mtu huchukua hati za kuingilia kwa amri moja, kisha huzungumza nayo kwa chombo kiitwacho kubectl. Huandika faili la YAML, lugha ambayo nafasi mbili zikikosewa mwanzo wa mstari huharibu ibara nzima, akitaja imeji, idadi ya nakala na mlango wa kupokelea wageni. Humo humo hutaja vipimo viwili ambavyo wanaoanza huviruka: nguvu na kumbukumbu ambazo podi inaziomba, na upeo usiopaswa kuvukwa. Ombi likiwa dogo mno, mgawaji wa kazi husongamanisha podi nyingi katika nodi moja hata zote zikadhoofika. Likiwa kubwa mno, mtu hulipia uvivu. Na podi ikivuka upeo wake wa kumbukumbu huuawa papo hapo bila onyo, kisha huzaliwa tena, kisha huuawa tena, na mwenye duka asiyejua kusoma habari hiyo hudhani ni intaneti. Hakuna kanuni ya kukisia vipimo hivi. Hupimwa kwa kuiendesha programu siku kadhaa na kutazama inakula nini.

Gharama, kwa Google na kwa Amazon, huanza na senti 10 za Marekani kwa saa kwa usimamizi wa kila klasta, ambazo kwa mwezi wa siku 31 ni dola 74.40, na Google humrudishia kila mwenye akaunti ya malipo kiasi hicho kwa klasta moja, ikiwa ni ya kanda moja au ya Autopilot. Microsoft wana daraja lisilotoza usimamizi. Nodi, diski, kigawanya mzigo kinachopokea wageni, na data itokayo kwenda nje, vyote huhesabiwa mbali, na hivi ndivyo huwaangusha watu.

Na klasta haiachwi ikalala. Matoleo mapya ya Kubernetes hutoka mara 3 kwa mwaka, na kila toleo hutunzwa kwa muda wa miezi 14 hivi; baada ya hapo mwenye wingu hukusukuma mbele, utake usitake, au kama Amazon hukutoza senti 60 kwa saa badala ya 10 kwa kubaki nyuma. Toleo la 1.22 la Agosti mwaka 2021 liliondoa baadhi ya maumbo ya zamani ya maagizo, na mafaili yaliyoandikwa kwa maumbo hayo, yaliyokuwa yakikubaliwa kwa miaka, yakakataliwa. Kwa hiyo aliyepanga klasta amejifunga kuwa na mtu wa kuisomea habari kila baada ya miezi michache, na mtu huyo ana mshahara usioonekana katika ukurasa wa bei.

Hukumu yangu ni hii: mwenye tovuti moja na benki moja ya data, ambaye wateja wake hawajai ghafla, hana haja ya klasta, kompyuta moja ya kukodi, ikiwa na Docker na nakala za akiba zinazotoka kila usiku, itamtosha kwa miaka. Mwenye programu nyingi zinazobadilishwa kila wiki na mikono mingi, au mwenye mzigo unaopanda na kushuka, huyo aipange, na asijaribu kuibeba sehemu ya udhibiti peke yake. Na yeyote atakayejaribu, siku ya kufuta asitosheke na kuifuta klasta, kwani diski za data, na mara nyingine vigawanya mzigo, hubaki na huendelea kutozwa. Avitafute kimoja kimoja katika orodha ya mradi. Aweke pia onyo la bajeti tangu siku ya kwanza, akijua kuwa onyo hilo hutuma barua tu, halikati matumizi.